Sura ya Tano: Mgonjwa Aliyeona kwa Paji la Uso

Kobe alipofika kwenye mlango wa chumba kimya, sista wa zamu alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, kisha akamwambia avue mkanda.

"Mkanda wa suruali?"

"Wa suruali. Na funguo, na simu, na sarafu kama zipo. Miwani pia, naona fremu yake ni ya chuma. Una meno ya bandia?"

"Mawili."

"Ya chuma?"

"Ya plastiki. Sista, mimi nimekuja kupeleleza. Sijaja kulazwa."

"Hata mkuu wa idara huvua," sista akasema, akamsogezea bakuli la plastiki.

Kobe akavua. Alikuwa mtu mzima mwenye tumbo la kustaafu nalo, na suruali yake ilikuwa imeuzoea mkanda kama mtoto anavyozoea mgongo wa mama. Mkanda ulipotoka, suruali nayo ikaanza safari. Akaidaka njiani. Sista hakucheka. Alifungua droo, akakata kipande kirefu cha bendeji, akampa huku akiangalia dirishani, ili mzee wa watu ajifunge bila haya. Hilo ndilo jambo la kwanza Kobe aliloliweka akilini kuhusu sehemu ile: hapa pana watu wanaojua kuangalia pembeni.

Jina la Kobe alipewa zamani, alipokuwa askari wa upelelezi. Wenzake walidhani ni kwa sababu ya mwendo wake. Wale aliowakamata walijua zaidi, kwamba ukimkasirisha hajibu kitu, anarudi ndani ya gamba lake, na akitoka huko anatoka na jibu. Sasa alikuwa mpelelezi wa hospitali. Kazi yake kwa kawaida ilikuwa mashuka yaliyopotea na simu zilizosahaulika chooni.

Lakini asubuhi hiyo, saa nne na robo, mkuu wa idara ya ubongo alikuwa amempigia simu kwa sauti ya mtu aliyekanyaga moto.

"Tunahujumiwa. Siku tatu mfululizo kuna mkono unaingia chumbani na kuhamisha vihisio. Nimefunga mlango, hakuna anayegusa kitu mpaka ufike. Nataka jina kabla ya saa nane mchana."

"Kwa nini saa nane?"

"Kwa sababu kipimo kinachukua saa nzima, na ikifika saa tisa daktari wa upasuaji anafunga orodha yake ya kesho. Ni mgeni. Keshokutwa anaondoka, na mwaka huu harudi. Mgonjwa wetu asipokuwa na picha safi ya pale kifafa chake kinapoanzia, hapasuliwi. Basi."

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mshonaji wa nguo, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mwenye kifafa kilichoshinda dawa zote. Alikuwa akianguka mara nne, mara tano kwa wiki. Mwezi uliopita alianguka akiwa na pasi ya moto mkononi, na kovu lake bado lilikuwa bichi shingoni.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasorobo. Kobe akaukaza mkanda wake wa bendeji, akaingia.

Chumba kilikuwa kidogo, kuta zake za chuma cha pekee, mlango mnene kama wa ghala la barafu. Ndani mlikuwa na kiti cha mbao, pazia jeupe la kuonyeshea picha, na kofia ya plastiki iliyokaa juu ya kigoda, imejaa matundu kama kichungi cha chai. Pembeni alisimama mhandisi, msichana mwembamba mwenye macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri.

"Nieleze kama unavyomweleza bibi yako," Kobe akamwambia. "Bila miwani siwezi hata kusoma uso wako."

Mhandisi akatabasamu kidogo. "Ubongo ukifanya kazi, unatoa sumaku ndogo mno. Vihisio hivi vinaisikia. Lakini funguo zako tu zikiingia humu, zinaufunika ubongo kama ngoma inavyofunika mnong'ono."

"Ndiyo maana nimevuliwa nusu."

"Ndiyo maana. Sasa, kofia ina matundu tisini na sita. Vihisio tunavyo ishirini na vinne tu. Chukulia nyumba yenye paa linalovuja, hujui linavuja wapi, na una ndoo ishirini na nne. Ukizipanga ovyo, maji yanapita katikati. Mimi nimekaa na kompyuta miezi minne nikitafuta kila ndoo ikae wapi ili tone lisipotee. Na kila kichwa nakihesabia upya, maana vichwa havifanani."

"Na huyu mtu amehamisha ndoo."

"Zote ishirini na nne. Na kompyuta haijui. Inadhani ndoo ziko pale nilipoiambia, kwa hiyo tone likidondoka nyuma, inasema limedondoka mbele."

"Mlijuaje?"

"Tunamwonyesha mgonjwa picha pale kwenye pazia. Mtu akiona, panapowaka ni kisogoni. Ubongo unaonea huko. Lakini huyu dada, siku ya tatu leo, anawaka hapa." Akagusa katikati ya nyusi zake. "Kwa mujibu wa vipimo vyetu, mteja wetu anaona kwa paji la uso."

"Na kisogo chake kinafanya nini?"

"Kinawaza."

Kobe akainama, akaipapasa kofia kwa vidole. Kila kihisio kilikuwa kimesukumwa hadi mwisho na kubanwa sawasawa. Hakuna waya uliokatwa, hakuna mkwaruzo. Katika miaka yake yote alikuwa ameona waharibifu wa kila namna, ila hakuwahi kumwona mharibifu nadhifu.

"Mtu huyu," akasema polepole, "anaipenda kofia hii."

Mhandisi akaangalia sakafuni.

*

Koridoni, mshonaji alikuwa ameketi kwenye benchi amevaa gauni la hospitali, na ubavuni mwake mama mkwe wake, mwanamke mfupi, mnyoofu kama msumari. Kobe, ambaye sasa alikuwa amerudishiwa miwani, mkanda bado, akawaamkia, akavuta kiti.

"Dada, ndani ya chumba kile umemwona mtu yeyote akigusa kofia ikiwa kichwani mwako?"

"Fundi tu, akinivalisha. Ana mikono laini yule mzee. Ananiuliza kila mara kama naumia." Mshonaji akavuta pumzi. "Mzee wangu, mimi sijui sumaku. Ila najua kukata. Nguo nikiikata vibaya, nanunua kitambaa kingine. Kichwa sina cha akiba. Hawa wakikosea mahali pa kukata, au wasipokata kabisa, narudi kwenye pasi yangu na kuanguka kwangu."

"Usiseme hivyo, mwanangu," mama mkwe akasema.

"Sasa niseme vipi, Mama?"

Mama mkwe alikuwa ameweka mkono wake nyuma ya mgongo wa mkwe wake tangu Kobe aketi, wala hakuuondoa hata kujikuna. Kobe akaliona hilo. Akaangusha kalamu yake makusudi, akainama kuiokota, akachungulia.

"Mama, hicho ulichoshika mgongoni mwake ni nini?"

"Ni mkono wangu."

"Na chini ya mkono?"

Mama mkwe akakaza macho ukutani. Kisha akaachia. Gauni la hospitali, ambalo huwa wazi nyuma, lilikuwa limebanwa kwa pini kubwa ya chuma.

Sista akashika kichwa. "Mama, siku zote tatu?"

"Siku zote tatu. Nikishamrudisha wodini, naichomoa. Mnataka mke wa mwanangu apite mbele za watu mgongo nje, kama dirisha lisilo na pazia? Nyie mmemvua hereni, mmemvua bangili, mmemvua hata kibanio cha nywele. Adabu yake hamkuitaja kwenye orodha."

Kobe akamwita mhandisi, akamwonyesha pini kwenye kiganja. Alihisi kesi ikifunguka kama mlango uliopakwa mafuta. Mhandisi akaitazama, akatikisa kichwa.

"Kumbe ndiyo ile kelele. Nilidhani ni lifti. Asante, Mama, umenipunguzia ugonjwa wa moyo. Lakini pini inapiga kelele tu. Haihamishi kisogo."

Kobe akafuta mstari wa kwanza kwenye daftari lake. Sista akaingia stoo, akarudi na gauni la pili, akamvisha mshonaji juu ya lile la kwanza, hili likifunguka mbele na lile nyuma. Mama mkwe akalikagua pande zote, akatingisha kichwa kukubali, na pini akaibana kwenye kanga yake mwenyewe.

"Tena utakaa mbali na mlango, Mama," sista akasema.

"Nitakaa hata barabarani, mradi amesitirika."

*

Ilikuwa saa tano na nusu imepita. Kobe akaomba daftari la funguo. Ufunguo wa chumba kimya ulikaa kwenye droo ya sista, na hakuna aliyeuchukua bila kuandika. Sista alikuwa mkali kwa jambo hilo. Alisema hata malaika wa kutoa roho akija atasaini kwanza.

Daftari halikuficha kitu. Jumatatu, saa kumi na moja na nusu jioni, mhandisi. Jumanne, saa moja asubuhi, fundi. Jumanne jioni, mhandisi tena. Leo Jumatano, saa moja asubuhi, fundi tena. Nje ya saa za vipimo, mtu wa tatu hakuwepo.

Alimkuta fundi kwenye karakana yake ndogo mwisho wa korido, akifuta koleo la plastiki kwa kitambaa. Alikuwa mzee mwenye mvi zilizokatwa fupi. Miaka thelathini na tatu alikuwa ametengeneza vitanda na viti vya magurudumu vya hospitali ile, na alipobakiza miwili ya kustaafu wakampa vihisio, naye akajifunza kama kijana.

"Karibu, ndugu yangu. Hicho kiti kizima, usikiogope."

"Asante. Kazi unaanza saa ngapi, mzee mwenzangu?"

"Saa mbili."

"Daftari linasema saa moja."

Fundi akaendelea kufuta koleo lililokwisha takata. "Huwa napenda kupangusa vumbi mapema."

"Chumba kile kina mlango wa kuzuia hata mnong'ono. Vumbi linapita wapi?"

"Vumbi halina adabu."

"Kofia je? Unaigusa asubuhi?"

"Naipangusa." Kisha, bila kuulizwa, akaongeza: "Yule binti ni hodari sana. Ana akili ya ajabu. Ila anafanya kazi kupita kiasi. Mtu akichoka anaweza kusahau hili na lile, si kosa lake."

"Sijamtaja binti."

"Ndiyo, hujamtaja."

Kobe akageuza ukurasa. "Wiki hii kumebadilika nini ambacho wiki iliyopita hakikuwepo?"

"Kofia. Ya zamani ilikuwa na namba kwenye kila tundu, ikapasuka. Hii mpya imekuja Ijumaa, wamesahau namba. Kwa hiyo binti akaniandikia karatasi." Akaitoa mfukoni, imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. "Amenisaidia sana. Akasema niitazame kofia kutoka juu, niichukulie kama uso wa saa, pua ikiwa juu. Pete ya kwanza iko utosini, ya nne juu ya masikio. Nasoma, naweka."

"Na kipimo cha leo mlianza saa ngapi?" Kobe akauliza, kwa mazoea tu, maana askari asiyeuliza saa ni kama mpishi asiyeonja.

"Saa tatu kamili."

Kobe akaandika: *saa tatu*. Akaiomba ile karatasi, akatoka.

Mhandisi alikuwa chumba cha kompyuta, mbele ya kichwa cha rangi kilichowaka mahali pasipostahili.

"Jumatatu jioni ulirudi chumbani."

"Nilisahau kalamu."

"Na jana jioni?"

"Kalamu ile ile."

"Sista anasema kalamu haziruhusiwi mle."

Masikio ya mhandisi yakapata joto. "Labda ilikuwa karatasi." Kisha naye, bila kuulizwa, akasema: "Mzee wetu ni mtu makini kuliko wote hapa. Macho ya mtu mzima yakichoka kidogo, hilo ni jambo la kawaida. Lisiandikwe popote."

Kobe akamtazama kwa muda mrefu. Uongo aliujua kwa rangi zake. Uongo wa kujificha una jasho. Huu haukuwa na jasho. Kila mmoja wao alikuwa amesimama mbele ya mwenzake kama mtu anayeziba kwa mgongo wake dirisha lililovunjwa na mtoto wa jirani.

"Kipimo cha leo mlianza saa ngapi?"

"Imeandikwa hapa." Mhandisi akampa karatasi ya mashine, akashukuru kubadilishiwa mazungumzo.

Kobe akakaa na karatasi mbili na daftari lake kwenye benchi, karibu na mama mkwe, ambaye alimsogezea nafasi bila kusema. Karatasi ya mashine ilisema kipimo kilianza 9:00. Daftari lake lilisema saa tatu. Sawa, ni saa ile ile, hata mtoto anajua. Akafunua karatasi ya fundi: *Kihisio cha 1, pete ya 2, saa 3. Kihisio cha 2, pete ya 3, saa 12. Kihisio cha 3, pete ya 2, saa 7.*

Akainua macho kwenye saa ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa unakaribia kuigusa moja.

"Mama, saa hizi ni saa ngapi?"

"Inakaribia saa saba," mama mkwe akajibu bila kufikiri.

"Na mshale uko kwenye namba gani?"

"Kwenye moja. Kwani ulitaka uwe wapi?"

Kobe akarudi ndani ya gamba lake. Akakaa humo kiasi cha pumzi tano. Alipotoka, alisimama haraka hata bendeji ikalegea.

"Sista," akaita, "nipe mabakuli mawili, kalamu ya wino, na plasta. Na uniitie hao wawili."

*

Mabakuli yalifunikwa kifudifudi kwenye meza ya chumba cha chai, moja mwisho huu, jingine mwisho ule. Kwenye kila bakuli Kobe alichora duara nne na nukta moja nene ukingoni.

"Hii nukta ni pua. Mzee, wewe kaa huku. Binti, wewe kule. Mpeane migongo, kama watahiniwa. Kila mmoja aibandike plasta pete ya pili, saa tatu."

"Ndugu yangu, huu ni upelelezi au chekechea?" fundi akauliza.

"Bandika tu."

Wakabandika. Kobe akayachukua mabakuli, akayaweka pamoja katikati ya meza, pua kando ya pua. Plasta ya mhandisi ilikuwa kulia. Plasta ya fundi ilikuwa kushoto.

Kila mmoja akalitazama bakuli la mwenzake.

"Mzee," mhandisi akasema taratibu, "tatu iko upande huu. Tazama ukutani. Tatu ile pale, mkono wa kulia."

"Binti, mshale ukifika pale ni saa tisa. Tangu nizaliwe ni saa tisa. Ukitaka saa tatu unatazama kule, kwenye tisa."

"Lakini niliandika tatu."

"Uliandika *saa* tatu. Namba tatu ningeijua. Hilo neno saa ulilitia la nini?"

Mhandisi akaligeuza bakuli lake polepole. "Kompyuta ilitoa tatu peke yake. Saa niliiongeza mimi. Niliona namba tupu kwa mtu mzima ni kama kumwamrisha. Nilitaka isomeke kwa adabu."

"Basi adabu imetuponza," fundi akasema.

Sista aligeukia birika, mabega yakimtikisika. Kobe yeye hakucheka bado.

"Kila saa iko mkabala na namba yake," akasema. "Saa tatu ikaenda kwenye tisa, kumi na mbili ikaenda kwenye sita, saba ikaenda kwenye moja. Kofia nzima ikageuka nyuma mbele, na kisogo kikawa paji la uso. Hilo ni kosa, na kosa si hujuma. Lakini hujuma ipo. Jumatatu jioni mmoja wenu aliiona kofia imekosewa akairekebisha kimya kimya. Jumanne asubuhi mwingine akaikuta imeharibiwa, akairekebisha kimya kimya. Mkaenda hivyo siku tatu. Nani aanze?"

Mhandisi alianza, kwa sauti ndogo. "Nilidhani macho ya mzee yamechoka. Nikasema nikimweleza mkuu, watamstaafisha kabla ya siku zake. Asubuhi nilipokuta mambo bado mabaya nikajua kuna mtu mwingine anayetuchezea. Kwamba ni yeye, sikuwaza kabisa."

Fundi alikuwa anaikunja plasta kwa vidole. "Nami niliona binti hajalala wiki nzima. Nikakuta vihisio vimekaa kinyume na mwandiko wake mwenyewe. Nikasema, mtoto wa watu huyu, mwaka wake wa kwanza, akikosea watamfukuza. Nikamfichia."

"Kwa nini hukuniuliza, mzee?"

"Ningekuulizaje bila kukuaibisha? Na wewe?"

"Hivyo hivyo."

"Mmesitiriana vizuri sana," Kobe akasema. Hakuwa mkali, lakini hakutabasamu. "Na aliyelipia siri yenu ni yule pale koridoni, aliyevaa magauni mawili. Saa saba na dakika ishirini sasa. Mnaweza kuipanga kofia kabla ya nusu?"

Walikwisha simama.

Kobe akapiga simu kwa mkuu wa idara.

"Umepata jina?" mkuu akauliza.

"Hakuna mtu, mkuu. Ni neno."

"Neno gani?"

"Saa."

"Saa ngapi?"

"Hilo ndilo tatizo lenyewe, mkuu. Nitakuandikia. Sasa naomba ruhusa mlango ufunguliwe."

Mkuu akasema ufunguliwe, na kwamba maelezo hayo yaandikwe kwa lugha ya mtu mzima.

*

Waliipanga kofia wakiwa wawili, kichwa kwa kichwa. Mhandisi alitaja namba, fundi akaligusa tundu kwa koleo na kungoja, mhandisi akagusa palepale kwa kidole, ndipo kihisio kikaingia. Mara mbili fundi alisema "binti, hapa sina hakika", na mara moja mhandisi alisema "mzee, nimekosea, rudisha". Kobe, aliyekuwa ameshika suruali kwa mkono mmoja kizingitini, aliona kwamba maneno hayo hayakumuua mtu.

Mlango ulifungwa saa saba na nusu kamili. Kwenye pazia zikapita picha za kikombe, mbuzi, baiskeli, na uso wa mtoto. Kwenye kompyuta, kichwa cha rangi kikakaa giza, kisha kisogoni, kule nyuma kabisa, pakawaka.

"Anaona," mhandisi akasema. "Anaona kwa kisogo kama watu wote."

Kisha, katikati ya picha na picha, bila mgonjwa mwenyewe kujua, cheche ndogo ikaruka juu ya sikio la kushoto. Ikatulia. Ikaruka tena mahali palepale. Mhandisi akaanza kuzihesabu kwa kugonga penseli mezani. Zilifika kumi na saba, na zote zilitoka kwenye eneo lisilozidi kucha ya kidole gumba. Siku tatu kompyuta ilikuwa imeapa kwamba zinatoka upande wa pili, mbele, kwenye nyama nzima isiyo na kosa. Kobe alilifikiria hilo, akaukaza tena mkanda wake wa bendeji.

Picha za ubongo zilitumwa saa tisa kasoro dakika kumi na mbili. Jibu la daktari wa upasuaji lilikuja saa tisa kasoro dakika tatu, maneno manne: *Nimeona. Kesho. Wa kwanza.*

Sista aliyapeleka koridoni yeye mwenyewe, pamoja na fomu ya ridhaa. Mama mkwe alisimama, akakaa, akasimama tena, kisha akaanza kumrekebishia mkwe wake ukosi wa gauni ambao haukuwa na kasoro yoyote.

Mshonaji akaichukua fomu. Hakusaini. Aliisoma mstari kwa mstari, kidole kikitembea chini ya maneno, huku wengine wakisimama wamemzunguka wakidhani wamekwisha maliza kazi.

"Hapa," akasema. "Imeandikwa nitapasuliwa upande wa kushoto. Kushoto kwa nani?"

Fundi alimtazama mhandisi. Mhandisi alimtazama sista. Kobe alitazama ncha za bendeji yake.

"Sisi washonaji tunasema kushoto kwa mvaaji," mshonaji akaendelea. "Ninyi mnasemaje?"

"Kwa mvaaji," mhandisi akasema. "Kwako wewe."

"Nionyeshe. Maneno yenu nimeshayasikia."

Mhandisi akapiga magoti mbele ya benchi, akazigawa nywele polepole, akaweka ncha ya kidole juu ya sikio. Fundi akaenda kwenye kompyuta, akatazama, akarudi, akainama karibu na kile kidole.

"Hapo hapo," akasema. "Nami nina hakika."

Mama mkwe naye akauleta mkono wake. "Nipisheni na mimi nipajue." Mhandisi akaondoa kidole, na kile kinene cha mama mkwe kikakaa mahali pake. "Hapa?"

"Hapo, Mama."

Mshonaji akaukamata mkono ule wa mama mkwe kwa mkono wake wa kushoto, akaubana pale pale kichwani usitoke, na kwa mkono wa kulia akaandika jina lake, herufi moja moja, bila haraka.